Makanisa yamejaa waliopokea. Waliorudisha wako wapi?

Kipindi cha ushuhuda kina utaratibu wake unaofahamika, iwe ni kwenye kanisa la mabati kule Mbagala au kwenye ukumbi wenye viyoyozi jijini Nairobi. Muumini anapanda mbele, anapewa kipaza sauti, anasalimu "Bwana Yesu asifiwe," anaitikiwa, kisha anasimulia alichopewa. Viza imetoka. Mchumba amepatikana. Kiwanja kimenunuliwa baada ya mfungo wa siku 21. Kijana aliyekaa nyumbani tangu amalize chuo ameitwa kazini. Kina mama wanapiga vigelegele, kinanda kinaitikia, anayefuata anapanda.

Anayekaa benchi za nyuma na kusikiliza Jumapili baada ya Jumapili ataona pengo. Ni nadra kumsikia mtu akisimama kusema kwamba amerudisha kitu. Kwamba amempelekea mjane wa kaka yake hati ya shamba. Kwamba amemlipa dada wa kazi mishahara ya miezi minne aliyokuwa akimzungusha. Kwamba amepita kwa mhasibu kurejesha posho ya safari ambayo hakuwahi kusafiri. Ushuhuda wa aina hiyo ukitolewa leo, huenda vigelegele vikachelewa, watu wakatazamana kwanza.

Hoja ya makala haya ni hiyo hapo. Mtu anayemtafuta Mungu kwa moyo wote hupimwa kwa anachokirudisha kwa aliowakosea, na Ukristo wa Afrika Mashariki uliwahi kukijua kipimo hicho vizuri mno. Sasa umekiweka kabatini, huku ukizidisha mikesha, mifungo na chupa za mafuta. Mikesha haina ubaya wowote, na wengi imewavusha kwenye misiba ambayo isingevukika. Lakini mtu anaweza kukesha kila Ijumaa mwaka mzima na bado fundi aliyemwezekea nyumba akawa anamdai.

Barua isiyo na haraka

Kati ya maandiko yanayopendwa kwenye stika za bajaji, kalenda za ukutani na statasi za WhatsApp, Yeremia sura ya 29 iko mstari wa mbele. Humo mna ahadi kwamba Mungu anawawazia mema watu wake, na nyingine, hatua chache mbele, kwamba wanaomtafuta kwa moyo wao wote watamwona. Ahadi hizo husomwa kana kwamba zilishuka zenyewe, bila mwanzo wala mwisho. Kumbe zimo ndani ya barua, na barua hiyo haikuwa na la kumfurahisha mwenye haraka.

Wayahudi walikuwa wamechukuliwa mateka Babeli. Kule nyuma Yerusalemu, nabii mmoja, Hanania mwana wa Azuri, alisimama hekaluni mbele ya makuhani na umati akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili yote yatakuwa yamekwisha: vyombo vya hekalu vitarudi, mateka watarudi na mfalme wao. Kisha akaichukua nira aliyoivaa Yeremia shingoni, akaivunja mbele ya watu. Ni tukio ambalo leo lingesambaa kwenye simu kabla ibada haijaisha.

Yeremia yeye aliwaandikia mateka kwamba itakuwa miaka 70. Aliwaagiza wajenge nyumba, walime bustani na kula mazao yake, waozeshe watoto wao, na wauombee mema mji ule ule wa adui, kwa kuwa usalama wao ulifungamana na usalama wake. Mtu wa miaka 40 aliyesomewa barua ile alijua kwamba kaburi lake litachimbwa ugenini. Na ni watu hao, walioambiwa wasubiri kuliko urefu wa maisha yao, waliopewa ahadi ya kumwona Mungu wakimtafuta kwa moyo wote.

Kwa hiyo kutafuta huko kulikuwa na jembe mkononi. Kulikuwa na jirani wa kutendewa wema, tena jirani asiyependeza. Hanania angejaza uwanja wa mpira leo, na mabango yake yangeonekana kila kituo cha daladala. Yeremia angebaki na wazee wachache na mhudumu wa kanisa mwenye funguo.

Mpangilio huo huo unajitokeza sehemu nyingine za Biblia ambazo hazipati nafasi kwenye kalenda. Sheria katika kitabu cha Walawi ilimtaka aliyemdhulumu mwenzake arudishe kitu chenyewe chote, aongeze sehemu ya tano juu yake, kisha ndipo ampeleke kondoo dume kwa kuhani. Yesu, kwenye mahubiri ya mlimani, alimwambia mwenye sadaka mkononi aiache hapo hapo madhabahuni akapatane kwanza na ndugu anayemlalamikia. Mchungaji wa leo atakayelifuata agizo hilo bila kupunguza ataona benchi zikiwa wazi wakati wa bahasha.

Halafu yupo Zakayo. Wakenya wamelifanya jina hilo kuwa utani wa kisiasa: walimbandika Rais William Ruto kwa sababu ya kodi, na kwenye maandamano ya mwaka 2024 vijana walikuwa wakimtaka Zakayo ashuke mtini. Utani mzuri, ila unaishia mtini. Katika Injili ya Luka, mtoza ushuru yule alishuka, akatangaza kwamba nusu ya mali yake inakwenda kwa maskini na kila aliyemtoza kwa hila atarudishiwa mara nne. Baada ya hapo ndipo Yesu akasema kwamba wokovu umeingia katika nyumba ile. Alitaja nyumba nzima. Wake na watoto wa matapeli wanajua kwa nini.

Ng'ombe waliorudi zizini

Miaka tisini iliyopita, kipimo hiki kilikuwa habari ya mjini, au tuseme habari ya vijiji, kuanzia Rwanda hadi Kagera na milima ya Kenya ya kati. Mwaka 1929 daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana Kampala na Mganda mmoja aitwaye Simeon Nsibambi. Church alikuwa amechoka na kukata tamaa. Nsibambi alikuwa mtumishi wa serikali mwenye maisha mazuri, akiona kanisa lililomzunguka limepoa. Walikaa pamoja wakisoma Biblia na kuomba. Kutokana na urafiki huo wa watu wawili wasiotarajiwa kukaa meza moja chini ya ukoloni ndipo ilipopata nguvu harakati ambayo vitabu vinaiita Uamsho wa Afrika Mashariki na ambayo Waganda waliita Balokole, yaani waliookoka.

Kisa cha Yosiya Kinuka kinafaa kusimuliwa. Alikuwa msimamizi wa wahudumu wa hospitali ya Gahini, akaenda Kampala akiwa na orodha ya malalamiko kuhusu hali mbaya ya hospitali. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamuuliza kuhusu moyo wake mwenyewe. Kinuka alirudi Gahini mtu mwingine, na mabadiliko yalianzia wodini, kwa namna wagonjwa walivyohudumiwa. Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifundisha hapo hapo Gahini hadi alipofariki dunia kwa homa Januari 1936, akiwa bado kijana. Moto ukavuka mipaka.

Waliookoka walirudisha vitu. Hilo ndilo lililowashangaza machifu, maofisa wa kikoloni na wamisionari wengine. Ng'ombe walioibwa waliswagwa kurudi kwa wenyewe. Vifaa vya hospitali vilirudi stoo. Watu walikwenda ofisini kulipa kodi waliyokuwa wameikwepa, bila kuitwa. Wazungu nao hawakubaki nje: wamisionari kadhaa walisimama mbele ya Waafrika wakaungama kiburi cha rangi, jambo ambalo kwa wakati ule lilikuwa kioja kuliko ng'ombe kurudishwa.

Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu wa Kigezi nchini Uganda, aliokoka mwaka 1941 akiwa mwalimu kijana. Miongoni mwa mambo aliyoyasimulia baadaye ni kwamba ilimbidi apande baiskeli, apige pedali makumi ya maili, kwenda kumwomba radhi Mzungu aliyemchukia. Njiani alikuwa na muda wa kutosha kubadili mawazo. Hakubadili. Watanzania wana sehemu yao katika maisha ya mtu huyu, maana miaka ya 1940 na 1950 alifundisha Dodoma, na Kiswahili chake ndicho kilichomfanya awe mkalimani wa Billy Graham mhubiri huyo alipozuru Afrika Mashariki mwaka 1960.

Upande wa Kagera, Uamsho uliingia kupitia Uganda na kuwashika Walutheri wa Buhaya. Mmoja wa vijana wake, Josiah Kibira, alikuja kuwa askofu, na mwaka 1977, mkutano mkuu wa Shirikisho la Walutheri Duniani ulipofanyika Dar es Salaam, alichaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza. Ushirika wa Uamsho wenyewe haukuwa na ofisi, kadi za uanachama wala mwenyekiti wa maisha. Watu walikutana kila wiki, wakaimba Tukutendereza, wakasoma Neno, kisha kila mmoja akaeleza wiki yake ilivyokuwa: alipodanganya, alipomfokea mkewe, alichochukua kisicho chake. Waliita kutembea nuruni. Mtu asiyetaka kuulizwa maswali alikuwa na nafasi ndogo sana ya kujificha.

Gharama yake ilionekana zaidi Kenya. Baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952, ndugu wa Uamsho huko Kikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa vilevile kushika bunduki za serikali. Pande zote mbili ziliwaona wasaliti. Wapo waliouawa.

Palipoharibika

Msomaji mwenye kumbukumbu atakuwa tayari na pingamizi, na ni pingamizi zito. Rwanda, mahali Uamsho ulipopata nguvu, ndiyo Rwanda ya mwaka 1994. Ilikuwa nchi ambayo takriban watu tisa katika kila kumi walijitambulisha kuwa Wakristo. Katika siku mia moja hivi watu wanaokadiriwa kuzidi laki nane waliuawa, wengine wakiwa wamekimbilia ndani ya makanisa: Ntarama, Nyamata, Nyarubuye. Waliobatizwa katika kisima kimoja waliuana. Basi urejeshaji wa ng'ombe ulisaidia nini?

Wapo waumini waliokufa wakiwaficha jirani zao, na haki yao wapewe. Lakini jibu la haraka haraka haliwezi kutosha hapa. Kuungama kwa ndugu wa Uamsho kulizama sana katika dhambi za mtu mmoja mmoja, kama vile wizi, pombe, zinaa na uongo, na kulisita mbele ya dhambi zinazotendwa kwa jina la kundi. Kitambulisho kilichoandikwa kabila la mtu, shule iliyowapokea hawa na kuwaacha wale, kiti cha askofu kilichogawiwa kwa ukoo: vitu hivyo havikuwahi kupewa kipaza sauti. Imani iliyojua kurudisha ng'ombe haikufundishwa kurudisha haki.

Uamsho ulikuwa pia na kero zake za kawaida. Ulizaa watu wa kujiona wasafi. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa Chuo cha Askofu Tucker huko Mukono, William Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha ibada zao za alfajiri na kuhubiri kwao. Wapo waliowaona mashujaa na wapo waliowaona watovu wa adabu, na huenda kila upande uliona nusu ya ukweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi moja Uganda lilijitenga likijiita lililoamshwa upya, likawabana wenzao hata kuhusu kuchukua mikopo. Kuungama hadharani nako kuligeuka, mahali pengine, kuwa njia ya kutangaza dhambi za jirani.

Kasoro hizo zinataka kipimo kile kipanuliwe. Kilichotokea miongo iliyofuata ni kwamba kiliachwa.

Kutoka baiskeli hadi foleni

Mwaka 2011, kijiji cha Samunge huko Loliondo, Tanzania, kilipokea magari kutoka nchi jirani na helikopta za wenye nazo. Mchungaji mstaafu wa kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu, aligawa kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500. Foleni ilikwenda kilomita na kilomita. Kuna waliofia foleni, na kuna waliorudi nyumbani wakaacha vidonge vyao vya hospitali. Umati ndio unaostahili kutazamwa, kwa sababu ulikuwa tayari kusafiri siku tatu kwa ajili ya kupokea.

Februari 1, 2020, kwenye uwanja mmoja wa Moshi, watu 20 walikanyagana hadi kufa wakigombea kupita juu ya mafuta yaliyomwagwa kama ya upako. Miongoni mwao walikuwamo watoto.

Na Aprili 2023 ikaja Shakahola. Katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto. Upande wa mashtaka unasema wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walielekezwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Yeye amekana mashtaka. Mahakama ina kazi yake. Ila kuhusu wale waliouza mali zao, wakawatoa watoto shule na kuhamia msituni, hakuna anayeweza kusema walimtafuta Mungu nusu nusu. Walimtafuta kwa moyo wote kadiri walivyofundishwa maana ya neno hilo. Ndipo hatari ilipo. Bidii bila jirani wa kuipima inaweza kummeza mwenye nayo pamoja na watoto wake, wakati nabii Isaya, katika sura ya 58, alikwisha kuuliza mfungo una faida gani kama wafanyakazi wako wanaonewa siku hiyo hiyo unayofunga.

Serikali zinahangaika na jambo hili kwa njia zao. Rwanda imefunga maelfu ya nyumba za ibada tangu mwaka 2018 na kuwadai wachungaji vyeti vya theolojia. Vyeti vitasaidia kiasi. Haijulikani ni chuo gani kinachotoa shahada ya kumrudishia mtu shamba lake.

Nyumbani ndiko hesabu inakopigwa

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Msemo huu husemwa dukani kwa Mangi na kwenye vikao vya vikoba, lakini mimbarani umekuwa mgeni. Matokeo yake yanaonekana sebuleni kwa watu.

Tazama mirathi. Baba anafariki, maziko yanaongozwa na mchungaji, kwaya inaimba, rambirambi inahesabiwa. Wiki ya pili shemeji anakuja kuchukua gari "kwa muda." Mwezi wa tatu mjane anaambiwa nyumba ni ya ukoo. Mara nyingi shemeji huyo ni mzee wa kanisa, anajulikana kwa sala ndefu, na mwanae atapata kipaimara mwaka huo huo ambao watoto wa marehemu watarudishwa nyumbani kwa ada. Mjane anakwenda kufungua shauri Mahakama ya Mwanzo huku akikutana na shemeji yake Jumapili wakipokea meza moja ya Bwana. Nani katika usharika anamuuliza shemeji swali? Je, mchungaji hajui? Anajua. Usharika mzima unajua.

Tazama mikopo ya kausha damu. Mama muuza vitumbua anakopa asubuhi ili anunue mchele na mafuta, anarejesha kila jioni kwa riba inayokula mtaji, na akikosa siku mbili wanakuja kubeba jiko, godoro na luninga. Nyuma ya baadhi ya mitaji hiyo wapo waumini wema kabisa wa mavazi na wa salamu. Fungu la kumi la faida hiyo linatolewa kwa uaminifu, ndani ya bahasha yenye jina na namba, na jina hilo husomwa kwenye matangazo likisifiwa. Godoro la mama vitumbua halina pa kusomwa.

Tazama pia vitu vidogo, maana huko ndiko imani hukua au hudumaa. Binti wa kazi anayeamka saa kumi alfajiri kuandaa watoto wa mwenye nyumba, halafu mshahara wake "unatunzwa" hadi mwaka unaisha na hesabu inapotea. Baba mwenye mtoto nje ya ndoa aliyeokoka mwaka juzi, akatubu kwa machozi, akabatizwa kwa maji mengi, na bado hapeleki matunzo kwa sababu, anasema, mambo ya kale yamepita. Kwake yeye yamepita kweli. Kwa mtoto yapo, na yanavaa kaptula iliyochanika.

Hapa ndipo theolojia ya mapokezi inapowagharimu watu wa kawaida. Muumini aliyefundishwa kwamba Mungu humjibu kwa kumpa kitu atazidisha bidii ya kupokea: mfungo mwingine, mbegu nyingine ya fedha kwa mtumishi, mlima mwingine wa maombi. Nyumbani ada inachelewa kwa sababu mbegu imepandwa. Akifundishwa kwamba huenda jibu linamsubiri kwenye deni asilolilipa, bidii ile ile itamwelekeza kwa mtu mwenye jina na anwani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wengi wamezoea kunyoosha mikono juu tu.

Kukua kiimani kwa mtindo huo kunachosha. Anayerudisha mishahara ya dada wa kazi hafanyi hivyo mara moja akamaliza. Itambidi pia ajifunze kulipa kwa wakati mwezi ujao na mwezi unaofuata, hata mwezi wa ada. Hakuna kinanda kinachopigwa.

Kanisa lenyewe nalo

Itakuwa unafiki kumdai mama vitumbua na shemeji wa marehemu, kisha taasisi ziachwe. Dalili chache njema zipo. Novemba 2024 Rais Ruto alitembelea parokia moja ya Kikatoliki mtaa wa Soweto, Nairobi, akatoa fedha kwa kwaya na kwa ujenzi wa nyumba ya mapadre, akaahidi nyingine na basi juu yake. Askofu Mkuu Philip Anyolo aliagiza shilingi milioni 2.6 zilizokwisha kutolewa zirudishwe, na ahadi zilizobaki akazikataa. Baadhi ya waumini walinung'unika; nyumba ya mapadre haijengeki kwa msimamo. Lakini Wakenya, waliozoea kuona magunia ya noti yakibarikiwa mimbarani, waliona angalau mara moja fedha zikitembea kuelekea mlangoni.

Rwanda nako, maaskofu Wakatoliki waliomba radhi mwezi Novemba 2016 kwa niaba ya Wakristo walioshiriki mauaji ya kimbari, na Machi 2017 Papa Fransisko akaomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za kanisa na watu wake. Ilikuwa zaidi ya miaka ishirini baadaye. Walionusurika wana haki ya kusema ilichelewa, na kuuliza baada ya maneno kinafuata nini.

Swali gumu lililobaki ni la yule asiye na uwezo. Kuna anayetaka kurudisha na hana. Alikula mtaji wa kikundi mtoto wake alipolazwa. Alitumia rambirambi ya mjane kulipa kodi ya nyumba. Kumwambia mtu huyo arudishe na nyongeza ya sehemu ya tano ni kumfukuza kanisani kwa adabu. Barua fupi ya Paulo kwa Filemoni ina mfano ambao wahubiri huupita haraka: Paulo, akimwombea Onesimo mtumwa aliyetoroka, aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba kama kuna deni, liandikwe kwake, yeye atalipa. Aliyekuwa gerezani alichukua deni la mwingine.

Makanisa ya Afrika Mashariki yana ujuzi wa kuchangishana ambao hata benki hazina. Jumuiya ndogo ndogo za Kikatoliki na za Kilutheri hukutana kila wiki nyumba kwa nyumba, zinajua nani anaumwa, nani hajaonekana, nani anadaiwa. Kamati ya harusi inaweza kukusanya mamilioni kwa wiki nane, kwa simu na ujumbe wa kukumbushana ahadi unaoingia hadi usiku wa manane. Mnada wa mavuno baada ya ibada unaweza kumuuza jogoo mmoja mara sita. Uwezo upo, basi, wa kumchangia muumini anayetaka kumlipa mjane na hana chote, na mahali pa kuanzia panajulikana. Harusi ikishapita na madeni ya ukumbi na chakula kulipwa, kamati nyingi hubaki na salio, na wajumbe hukutana siku moja kulila kwa nyama choma na vinywaji katika kikao wanachokiita vunja kamati. Mwenyekiti wa kikao hicho anaweza, kabla nyama haijaagizwa, kuuliza kama kuna mjumbe mwenye deni la mtu.